Salamu Kutoka Dundori

"Madam, mbona unawasalimia kila siku na hawakujibu?" Hemali, wa kidato cha pili, alimuuliza hivyo mwaka wa 2007 katika saiba ya babake, duka la intaneti mjini Nakuru. Aliyeulizwa, msajili wa chuo kimoja mjini humo, alicheka tu. Alikuwa akisomea shahada ya uzamifu ya uongozi wa vyuo vikuu kupitia mtandao, na wenzake wote walikuwa ng'ambo. Alikuwa akivua viatu chini ya meza, akiandika kwa vidole viwili, na kila hoja aliyotuma kwenye mjadala wa darasa ilitanguliwa na habari za kwao Dundori: mvua, viazi, ng'ombe wake mwenye mimba. Wenzake walijibu hoja peke yake. Mhadhiri alimwonya apunguze maneno.

Januari iliyofuata, fujo za uchaguzi zikafunga mji, na tarehe ya kuwasilisha kazi yake ikapita. Saiba ilipofunguliwa aliingia akiwa na hakika ameshafukuzwa masomoni, hata viatu akasahau kuvua. Alisoma jumbe za wenzake, moja baada ya nyingine.

"Wote wanauliza kama niko hai," alimwambia Hemali. "Huyu naye anauliza kama ng'ombe alizaa salama."

Miaka baadaye Hemali alimkuta sokoni, akamkumbusha swali lile.

"Si walijibu, msichana wangu," alisema. "Ni vile mtandao wa babako ulikuwa unajikokota."