Nimekimbia, Nikaletewa Msiba

Jamani, leo mazoezi yangu yameliza watu.

Mwanangu alinipigia: "Mama, tangu ustaafu unakaa ndani na mawazo tu. Kimbia kidogo asubuhi."

Nikavaa raba, nikashika njia ya bwawa la Manchira.

Jirani yangu Mama Bhoke akaniona. Bibi mzima mbio? Akatupa jembe, akanifuata.

"Nani amekufa?"

Nilikuwa nahema, sauti haitoki. Akaangua kilio! Wanawake wengine wakatoka mashambani, wakajiunga na msafara.

Bwawani nikapata pumzi: "Ni mazoezi tu!"

Wakatazama raba zangu.

Halafu tukacheka mpaka tukakaa chini. Sijacheka hivyo tangu nistaafu.

Mama Bhoke akajifuta machozi. "Kesho unipitie. Lakini tutembee, mwenzangu. Ukikimbia unatisha."

Wastaafu wenzangu, nyie mnakimbilia wapi?