Mabula Wawili, Kadi Moja

Chausiku binti Maulidi alikuwa karani wa maktaba ndogo ya mifugo pale Shinyanga, miaka ya sabini ikianza. Kazi yake mwaka ule ilikuwa kadi. Daktari wa mifugo alitaka kukusanya kila kilichopata kuandikwa juu ya ndigana, ugonjwa wa kupe unaomaliza ndama, apate kuwaambia wafugaji waogeshe ng'ombe miezi gani. Kila andiko na kadi yake, wala lisihesabiwe mara mbili. Maana taarifa huja ofisini imepigwa taipu, kesho hiyo hiyo imechapwa jaridani, ukizubaa utadhani mashahidi ni wawili.

Chausiku hakuzubaa. Akikuta maandiko mawili yenye jina moja, kichwa kimoja, mwaka mmoja: kadi ya pili inatoka, andiko lake linatupwa kapuni, na kapu likijaa linakwenda kwa Zamoyoni, muuza karanga, afungie karanga zake.

Asubuhi moja akaingia mzee aliyetoka Nkome kwa basi na kivuko. Alipoitika shikamoo ya Chausiku na kumuuliza jina lake, akasema yeye mwenyewe ni Mabula, msaidizi wa mifugo, amestaafu. Aliandika taarifa moja tu maishani, angependa kuona imekaa wapi. Chausiku akamletea kwa fahari. Mzee akasoma polepole, akaifunga.

"Huyu ni Mabula wa Kahama. Mimi Baba Justa."

Chausiku akaeleza kwamba ilikuwapo nyingine, jina lile lile, kichwa kile kile, naye akaitupa akidhani ni hii hii. Mzee akacheka kidogo. Kichwa walipewa wote na ofisi.

"Na jina, binti, kwetu anayezaliwa mvua ikinyesha ni Mabula. Wewe Chausiku, usiku ule ulizaliwa peke yako?"

Kapu lilikuwa tupu. Chausiku akajitupia khanga, akaenda sokoni kama aliyeacha chungu motoni. Taarifa ya Nkome aliikuta kwenye bunda la Zamoyoni, imekosa ukurasa wa mwanzo. Huo ulishaondoka na karanga za mtu.

Mzee akaketi, akauandika upya ukurasa ule kwa kumbukumbu. Kahama walisema kiangazi kupe hupungua, watu wapumzike kuogesha. Yeye aliona kwao Nkome, kando ya ziwa, majani hayakauki, na kupe hawapungui. Bila karatasi ile, ndama wa Nkome wangeachiwa kupe.

Kadi mpya ikaandikwa: Mabula, Baba Justa, Nkome. Daktari akasema waandishi hawaandikwi hivyo. Chausiku akakubali, ila akamwambia kwamba bila hivyo karani ajaye atamtupa mzee tena. Daktari akaiacha.

Tangu hapo hakuna andiko lililoingia kapuni kabla halijafunguliwa na kusomwa, na Zamoyoni akarudia kufungia karanga zake magazeti.