Nyota Iliyofuka Moshi

Sisi tuliokulia Nangara kabla umeme haujafika tulilijua giza. Tukishamaliza makande, tulilala chali uani juu ya ngozi ya ng'ombe, tukigombania nyota kama watoto wa siku hizi wanavyogombania chaja.

Jioni moja kaka yangu Amsi alionyesha nyota tatu zilizojipanga mstari. "Chini yake pale, kuna nyota inafuka moshi."

Mimi sikuona moshi wowote. Nilimcheka, na kesho yake nikamtangaza shule nzima. Mama alipomuuliza, Amsi akashikilia kwamba ni moshi, akala viboko viwili. "Njia ya mwongo ni fupi," Mama alisema. Jina la Moshi likamganda. Hadi leo, huko Bonga anakofuga, wanamwita Mzee Moshi.

Mwaka huu nimenunua darubini ndogo na kamera ya mtumba. Lakini mji umejaa taa, na taa ya jirani yangu Baba Rehema inamulika uani kwangu kama uwanja wa mpira. Nikaenda kumwomba aizime kwa saa moja.

"Niizime, wezi waingie dukani?"

"Nataka kupiga picha nyota."

"Sasa Mama Neema, nyota wenyewe si wana taa yao?"

Akaizima, ila akatoa kiti akakaa nje kulinda duka, kila mara akiniuliza kama nyota ametabasamu.

Nilipiga picha mia mbili, zote zikatoka rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya taa za mji. Nikaziunganisha kwenye kompyuta, nikaupunguza ule mwanga kidogo kidogo. Chini ya nyota tatu likajitokeza wingu jekundu, limetanua mabawa. Ni gesi na vumbi, mahali nyota zinapozaliwa. Amsi aliliona kwa macho matupu akiwa na miaka tisa, na mimi nikamwita mwongo.

Nikampelekea Mama, ninayeishi naye. Akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Huu ni moshi," akasema. Akaomba simu, akampigia Amsi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Jumapili uje. Nakuchinjia jogoo." Akakata.

Watoto wetu wanatumiana samahani mara kumi kwa siku, pamoja na kile kisura kinacholia. Wazazi wetu neno hilo liliwashinda, lakini jogoo wao tulimwelewa. Jumapili ile Amsi alipakuliwa mapaja yote mawili. Mimi nilipewa shingo, na sikunung'unika.