Kompyuta Iliyokataa Kulala

Mimi ni mutu wa kucheka. Nilicheka hata mwaka ule wa vita, mpaka muzee aliyetunza sakristia akaniambia kicheko changu kitanitia matatani siku moja. Matata yalikuja kweli, ila yalikuja kwa kompyuta.

Nilifanya kazi katika ofisi ya parokia, hapo Majengo. Asubuhi niliandika majina ya watu waliokimbia kutoka Masisi. Saa nane mchana watu walijaa uani, nami niliwasomea kupitia dirisha majina yaliyotumwa na parokia nyingine, ili mtu ajue nduguye yuko wapi. Umeme hatukuwa nao. Tulikuwa na betri mbili za gari na sahani ya jua juu ya bati, tena majira ya mvua. Kwa hiyo saa sita nililaza kompyuta, twende kula, betri zipumue. Kuizima kabisa tuliogopa, maana ikishazimwa iliweza kugoma kuwaka mpaka kesho yake.

Jumatatu moja motari, yule wa pikipiki, akaleta flashi kutoka parokia ya Kiwanja. Ndani mlikuwa na picha za daftari zima, majina ya waliokimbilia kule yameandikwa kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Waliosubiri walikuwa wengi, lakini mmoja, mama muzee wa Masisi, alikaa juu ya bidoni yake, dumu la njano la maji, chini ya dirisha langu tangu asubuhi. Risasi zilipoanza kijijini kwao, yeye alikimbilia huku na binti yake kule. Hakulia mbele yangu hata siku moja. Aliniuliza tu kama mashine imelala vizuri.

Wapi! Tulirudi kutoka kula tukaikuta imekodoa macho, feni inavuma, betri zimekwisha. Nilisoma kurasa mbili, kioo kikazima. Jumanne vilevile. Jumatano ukurasa mmoja tu, na mama akabeba bidoni yake akaenda bila kuniangalia. Nilipekua mipangilio yote, nikabadilisha hiki, nikarudisha kile. Fundi akasema ni virusi. Muzee akasema ni pepo, akaleta maji ya baraka, nikamwomba kwa heshima zote asinyunyizie kwenye matundu. Mimi nilimshtaki paka wa padri, nikamfungia stoo, maskini ya Mungu.

Alhamisi hasira zilinipanda. Nikachukua sahani yangu ya ugali na sambaza, visamaki vya ziwani, nikakaa mbele ya ile mashine kama mtu anayevizia mwizi. Nikailaza. Nikaifunika kitambaa changu cheupe nilichokifuma mwenyewe, chenye maua katikati na vishada pembeni, maana kwetu kitu cha heshima hakiachwi uchi: redio inafunikwa, viti vya wageni vinafunikwa, na vumbi la volkano halina huruma. Juu ya vile vishada nikaweka kipanya, kama kila siku, ili kitambaa kisipeperuke. Nikala.

Halafu malori ya askari yakaanza kupita kuelekea Sake, kama kila siku ya wiki ile saa zile. Meza ikatetemeka. Kitambaa kikateleza kidogo, vishada vikavuta kipanya, na kompyuta ikaamka chini ya maua yangu, inang'aa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilicheka nikapaliwa na sambaza, muzee akaja mbio akidhani nimepigwa risasi. Nilipomweleza, yeye ndiye aliyecheka mpaka akashika ukuta. Paka alifunguliwa, akapewa samaki wangu wote waliobaki. Nikachomoa uzi wa kipanya, nikailaza kompyuta upya. Malori mengine yakapita, meza ikacheza, yenyewe fofofo.

Saa nane nikabonyeza kitufe kimoja, ikaamka. Nikachomeka kipanya, nikaanza kusoma. Uani watu walishangilia kila ukurasa uliozidi ule wa jana. Kurasa zikaisha moja moja, na mama wa bidoni, aliyekuwa amerudi chini ya dirisha, bado anasubiri. Kwenye ukurasa wa mwisho, mstari wa tatu kutoka chini, nikaliona jina ambalo alikuwa amenitajia mara nyingi hata nikaliota. Sauti ilinitoka juu kama ya mwanakwaya. Nikasoma jina, kijiji, na safu ya mwisho, ile ya idadi: watu wawili.

Mama alisimama. Alisema hapana, si yeye, binti yake alikimbia peke yake, na mimba yake ya miezi minane. Halafu akasikia alichokisema, akaweka mkono kinywani.

"Soma tena," akaniambia. "Pale pa wawili."

Nikasoma. Akataka tena, nikasoma tena, na wenzake uani wakaanza kuitikia: wawili! Nilicheka huku machozi yananitoka, sikuona hata mstari. Betri zikaisha, kioo kikawa cheusi, na mama alikuwa bado anataka, nami nikaendelea kumsomea.