Roshani Aliyoikalia Mama

Katika nyumba moja ya kale ya Kiingereza, ambayo sheria inakataza hata kupigilia msumari, niliinamia dirisha la mbao. Nilijiuliza kwanza kama kunusa nako kumekatazwa. Kisha nikanusa: mbao kuukuu zilizopata unyevu, harufu ile ile ya roshani yetu ya Jidda, iliyochomoza juu ya mtaa.

Nilipokuwa mtoto, pesa za mafuta zilikuwa zimeingia mjini, na baba akanunua kiyoyozi. Fundi alikuja na msumeno aikate roshani akipachike. Mimi nilikuwa na pumu, na usingizi niliupata hapo tu, upepo ulipopenya kwenye vitundu vya mbao na kupita juu ya mtungi wa maji. Mama akapanda, akakaa humo humo, akaendelea kumenya vitunguu thomu.

"Bibie, shuka fundi afanye kazi," alisema baba.

"Aanze kunikata mimi, kisha mbao."

Fundi akafunga msumeno wake. "Halas, mzee. Hapa mafi kazi," alisema kwa Kiarabu chake: basi, hapa hakuna kazi.

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Kiyoyozi kikauzwa. Mchana ule nililala roshani kwa raha, kichwa mapajani mwa mama, vidole vyake vyenye harufu ya thomu kifuani pangu, vikisikiliza ninavyopumua.