Dripu Kwanza, Kisu Baadaye

Miaka kumi na minane nilishika kisu katika kiwanda cha samaki huko Nyakato, nikitengeneza minofu ya sangara. Kazi yangu ilikuwa kuondoa kibaya palepale nikionapo: doa la damu, mwiba, kipande cha ngozi. Sina subira, na mume wangu analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Wanawake wa kiwandani tulikuwa na mazoea yetu. Kusimama ndani ya buti siku nzima kunaotesha sugu, kwa hiyo jioni tuliloweka miguu kwenye beseni na kukwangua visigino. Doa jeusi lilipotokea chini ya kisigino changu cha kushoto, nalo nikalikwangua. Nililikwangua karibu mwaka mzima. Lilipovimba na kutoa damu ndipo nikaenda hospitali, na vipimo vikaonyesha saratani ya ngozi.

Daktari, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, aliniamkia shikamoo kabla ya kunipa habari. Nikamwambia, "Toeni kesho."

"Hapana, mama. Tukikata sasa, tunakata mguu. Tunaanza na wiki tisa za dripu ya kuamsha kinga ya mwili wako. Kinga iukute uvimbe ungali hapo, iujue vizuri, iushambulie. Ukinywea tutakata kidogo, halafu utaendelea na dripu ili mabaki yaliyojificha nayo yasakwe. Ila sikuahidi kwamba mguu utabaki."

Nilikasirika kweli. Yaani nikae wiki tisa na kitu kibaya mwilini, eti kinga inajifunza?

Baada ya dripu ya pili niliwashwa mwili mzima. Nikapiga simu hospitali kama nilivyoagizwa, wakanipa dawa, kuwashwa kukapungua. Kisigino ndicho sikukiamini. Jumamosi moja mume wangu alinikuta nimekaa na beseni la maji ya moto na kisu cha jikoni mkononi.

Yeye ni mtu wa Nansio, maneno yake ya kuhesabu. Alikichukua kile kisu bila kugombana. Kufika mchana hapakuwa na kisu wala wembe wa kukatia kucha nyumbani kwetu Mabatini. Tangu siku hiyo alibeba vitunguu na nyanya kwenye sufuria, akaenda kukatiwa kwa jirani, mwanaume mzima na ndevu zake. Hata samaki, sato, tulimpika mzimamzima. Majirani walimcheka, nami nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Nakiri zilikuwa wiki za raha. Na uvimbe ulikuwa unanywea, hata mimi mbishi niliuona.

Siku ya upasuaji nilitia saini kwamba ikibidi, mguu ukatwe. Walinichoma sindano ya mgongo, na niliporudishwa wodini nilikuwa nimekufa ganzi kuanzia kiunoni. Sikuwa na njia ya kujua kilichobaki chini ya shuka, na kutazama niliogopa. Mume wangu akalifunua upande wa miguuni. Akainama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua mguu umekwenda.

"Baba, niambie tu."

Akafuta macho kwa kiganja.

"Mama, mbona kucha zako ndefu hivi?" akasema. "Tena za miguu yote miwili."