Vikombe Nilivyovirudia

Rafiki yangu, haya sijayasema hata kwa akina mama wenzangu kanisani. Wewe nakuamini, kaa nikueleze kazi yetu ilivyokuwa.

Siku ya kwanza niliingia chumba cha kuonjea kahawa pekupeku, maana viatu vyangu vilikuwa vya Jumapili. Kabla ya hapo nilikaa miaka sita na wanawake wenzangu kwenye meza ya kuchambua, katika kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Arusha, tukitoa punje mbovu kwa vidole. Jioni nilisoma shule ya watu wazima misheni. Siku moja nikamwambia nyapara kwamba gunia moja limelala karibu na mafuta ya taa. Akacheka. Bwana Mwonjaji, Mwingereza mkubwa wa chumba kile, akainama akanusa, naye hakucheka. Wiki iliyofuata nikahamishwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila shehena ya kahawa inachotwa kidogo, ndiyo sampuli. Inakaangwa, inasagwa, inatiwa kwenye vikombe na kumwagiwa maji ya moto. Unangoja utando wa juu ushikane, unauvunja kwa kijiko na pua yako iko pale pale. Halafu unafyonza kwa kelele ambazo nyumbani ungepigwa, ili ienee kinywa kizima, kisha unatema kwenye ndoo. Vitunguu marufuku, ugoro marufuku, mafuta ya kunukia marufuku. Kila mtu anaandika alama zake kimya.

"Wewe hapana sema," Bwana Mwonjaji aliniambia siku ile. "Andika kwanza. Ukisema, ulimi ya mwenzako nafuata yako."

Tulilipwa vizuri, nisiseme uongo. Mshahara ule uliezeka nyumba yangu ya Sekei kwa bati na kusomesha watoto. Lakini sijaona watu wenye uchungu kama wenzangu wawili wa chumba kile. Karani wa Sampuli alinung'unika toka asubuhi kwamba tunaonja sisi, anasaini Mzungu. Hapo hakukosea. Msaidizi wa Kwanza, Mzee Aminieli, Mmeru mwenzangu wa huko juu mlimani, uchungu wake ulikuwa juu yangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama wa shule ya jioni. Jana mmefundishwa nini?"

"Kugawanya."

"Basi gawanya na kazi. Chukua ufagio."

Nikafagia. Nilifagia miaka mitatu, na kila asubuhi niliomba Mungu anipe ngozi ya kifaru. Alinipa, nikawa naenda kazini nikiimba.

Msimu mmoja ikaja sampuli ya wakulima wa mlimani. Kikombe kile, rafiki yangu, kilikuwa kitamu mpaka nikakirudia mara tatu kwa raha tu. Nikaandika alama ya juu. Tuliposomewa alama, Mzee Aminieli alikuwa ameandika: imechacha.

Bwana Mwonjaji akatutazama mmoja mmoja. "Kesho tunaonja tena."

Alama ile ikisimama, kahawa ya watu wale inashuka daraja la mwisho, na karo za watoto wao zinashuka nayo. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwaza. Kwa kawaida narudia kikombe ninapokishuku tu. Hapo nikakumbuka macho ya Mzee. Hayakuwa kwenye kikombe chake, yalikuwa kwenye kijiko changu. Mzee alikuwa haonji. Alikuwa ananisoma mimi.

Karani naye alikuwa ameng'amua. Asubuhi alinidaka getini. "Mseme kwa Bwana. Kabla ya Krismasi nafasi yake ni yako."

Nilitamani, Mungu anajua. Lakini Mzee alikuwa na nyumba inayomtegemea kama yangu. Nikamfuata nyuma ya kibanda cha kukaangia, alikokuwa akipepeta sampuli.

"Mzee, ulimi umekuacha lini?"

Aliendelea kupepeta. "Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Tangu yale mafua ya mwaka juzi. Pombe ya mbege na maji ya mvua, kwangu ni kitu kimoja." Akaweka ungo chini. "Na wewe usingerudia kikombe kitamu kama mtoto, nisingeumbuka."

"Leo nitaandika ukweli, Mzee. Nikiulizwa juu yako sitadanganya. Nenda kamwambie wewe, kabla sijaulizwa. Na mimi nitasema kwamba hakuna anayeijua kahawa mbichi kama wewe." Ndivyo ilivyokuwa. Akishika punje tu, anakwambia ilianikwa chini au kwenye kichanja.

"Sasa unanipangia kazi, mama wa shule ya jioni."

Lakini alikwenda. Nikiwa mlangoni nilimsikia Bwana akiuliza, "Kwa nini hapana sema mbele?"

"Ungenifukuza."

Bwana akaweka kijiko chini. "Labda ndiyo," akasema.

Mzee akawekwa meza ya kahawa mbichi, dirishani mwa chumba kile kile. Kahawa ya mlimani ikapewa daraja lake. Hakunishukuru, na ufagio aliendelea kunionyesha kwa kidole.

Ikapita miaka, nikapata mafua mazito. Nilipopona nikarudi kazini kama kawaida. Siku ya nne Mzee akasimama mlangoni.

"Mama Elirehema." Hakuwahi kuniita jina la mwanangu. "Toka nje kidogo."

Akanipeleka nyuma ya kibanda kile kile. "Kikombe cha tatu umekirudia mara nne."

"Nilikuwa nahakikisha, Mzee."

"Nimekitazama kijiko chako kuliko mumeo alivyoutazama uso wako. Ulimi umekuacha lini?"

Akaokota kijiti, akakivunja vipande vipande. "Mwambie wewe," akasema. "Kabla sijaulizwa."

Nikaenda siku ile ile. Ndivyo nilivyoacha kazi kabla ya kufika hamsini, na jina langu safi. Sasa napalilia migomba na kahawa yangu mwenyewe, na sina kinyongo na mtu. Jumamosi Mzee hupita hapa kwangu, namkaribisha chai. Tunakunywa wote wawili bila kujua kama ina iliki. Yeye hulalamika hata hivyo kwamba iliki haitoshi.

Ukimjua mtu mwenye mwenzake mchungu kazini, msimulie haya leo, kabla hajaenda kumshtaki.